Uga wa Bibi

Shwa, shwa, shwa! Ufagio ulisikika kabla mwenyewe hajaonekana, ukiichuna ardhi kwa hasira. Brashi, fundi wa mabango, hakugeuka. Alikuwa juu ya ngazi, akijua anayefagia ni bibi yake na hasira ile inamhusu yeye.

Kwenye ubao alikwisha kuchora kwa chaki: UWANJA WA MTAA. Ndivyo alivyoanza kazi zake zote. Chaki hufutika kwa kiganja; rangi haina huruma.

"Mume wangu, hapo umeandika nini?"

"Uwanja, mke wangu," Brashi alijibu kwa utani wao wa bibi na mjukuu.

"Huu ni uga. Uga wa nyumba yangu. Futa!"

Brashi akateremka. Ni kweli, nyumba ya Bibi ndiyo iliyotazama eneo lile, na tangu alipoolewa amelifagia yeye. Lakini wiki iliyopita aliwatimua wafiwa waliokuja kupanga viti bila kumpigia hodi. Wakamlilia marehemu wao kando ya barabara, magari yakiwapigia honi. Aibu ile ndiyo iliyoufanya mtaa uagize ubao.

"Bibi, uga una mwenyewe. Uwanja ni wa watu."

"Watu!" Bibi alicheka kwa pua. "Hao watu umemwona hata mmoja kashika ufagio? Uite uwanja leo, takataka zitufike magotini. Kesho atakuja mjanja na kamba yake ya kupimia, auite kiwanja, auuze. Mimi nikisema uga, nafagia. Wewe ukisema uwanja, unafanya nini?"

"Nitafagia mimi."

"Wewe? Unayeamka jua liko utosini?"

Brashi akacheka. Bibi hakucheka. Aliketi kizingitini, akaanza kujikanda magoti.

"Zamani walipiga hodi," alisema taratibu. "Harusi, msiba, hata watoto wa mpira. Wakipita tu, mjukuu wangu, nani atajua kama bado nipo?"

Kumbe hakuwa akigombea ardhi. Hata hivyo Brashi akapanda ngazi, akachovya brashi, akaipaka rangi herufi moja baada ya nyingine: UWANJA. Bibi aliangalia pembeni.

Aliposhuka, alichuchumaa mbele yake, akaishika mikono yake kwa vidole vilivyolowa rangi.

"Neno uga siwezi kukupa, Bibi. Yaliyowapata wale wafiwa yameniumiza. Lakini nakuahidi: iwe harusi, iwe msiba, nitawaleta mwenyewe hapa mlangoni. Si kuomba ruhusa. Watakusalimia kwanza, ndipo washushe viti."