Vidole Ambavyo Sikuvipima

Mimi ni fundi cherehani, na sipendi mtu anifundishe kupima. Miaka ishirini na sita nimeshonea kwenye baraza yangu hapa Nyakakika: magauni ya komunyo, sare za shule, nguo za maharusi wanaoficha mimba. Hakuna aliyewahi kurudi akisema nguo inambana. Kwa hiyo Bi Mwaja aliponiuliza, pale dukani kwake Kayanga, kama nina hakika na vipimo vya mwanangu, nilimjibu vibaya.

"Nimemzaa mimi," nilisema. "Wewe andika."

Bi Mwaja anauza jezi, mipira na nyavu za magoli. Babu yake alikuja huku kutoka Tanga kufanya biashara, na lafudhi ya Tanga haijamtoka mjukuu. Kitu asichokuwa nacho anakiagiza Dar es Salaam kwa simu, na asubuhi hiyo tulikuwa tunaagiza upinde. Si upinde wa mti kama waliokuwa nao babu zetu. Ni ule wa mashindano, wenye ncha zilizopinda kwenda mbele, mpini wa chuma chepesi katikati na mabawa mawili yanayofungwa kwa skrubu. Ulikuwa wa binti yangu Kemirembe, ambaye kwa miaka minne hajakanyaga kwangu.

Anafanya kazi Arusha, kwenye hoteli yenye uwanja ambapo wageni hulenga shabaha kwa mishale. Kazi yake ilikuwa kuwaokotea mishale. Binamu yake Projest alipita huko mwezi uliopita, ndiye aliyeniletea habari kwamba siku hizi anawashinda wageni wenyewe, na ameitwa kwenye mashindano. Shida ni upinde. Anaazima wa hoteli, nao ni mfupi kwake.

Miaka yote minne nilikuwa natafuta kitu cha kumpelekea. Mwaka wa kwanza nilimshonea gauni nikalituma kwa basi, likarudi kwa basi lile lile, mfuko haujafunguliwa. Upinde asingeurudisha, nilijiambia, ila lazima uwe wa kumfaa. Usipomfaa, utarudi kama gauni, na mimi sitakuwa na la kutuma tena.

Muuzaji wa Dar alikuwa ametuma maswali. Bi Mwaja akavaa miwani akasoma.

"La kwanza. Akinyoosha mikono pande zote mbili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, sentimita ngapi? Wanagawanya kwa mbili na nusu, ndipo wanajua atavuta kamba mpaka wapi na upinde uwe mrefu kiasi gani."

Nikafungua daftari langu la vipimo. Kemirembe ana ukurasa wake mwenyewe, tangu gauni la komunyo hadi sketi ya kidato cha nne. Bega, inchi kumi na tano na nusu. Mkono, ishirini na tatu. Nikajumlisha bega na mikono miwili, halafu nikakwama. Mkono wa nguo unaishia kwenye kifundo. Kutoka hapo kwenda mbele sikuwa na kitu. Nimempima mtoto huyu tangu yuko mbelekoni, na vidole vyake sikuvipima hata mara moja.

"Hapo acha wazi kwanza," nikasema.

"Si umemzaa wewe?" Bi Mwaja akacheka. "Haya, la pili, nguvu. Anayeanza apewe upinde wa kuvuta paundi ishirini hivi, asije akaumia bega. Aliyezoea aongezewe kidogo."

"Huyu alikuwa anabeba mkungu wa ndizi kutoka shambani kwa bibi yake, kilima chote, hatui."

"Kichwani, mwenzangu. Huku anavuta kwa mgongo na bega. Tuandike ishirini na nne."

Aliandika, na mimi nikamwona Kemirembe anateremka na mkungu wake, anaimba wimbo wa kwaya vibaya, utomvu unachuruzikia gauni nililomshonea. Nilikuwa namgombeza kwa utomvu ule. Utomvu hautoki kwenye nguo. Leo angekuja na madoa mwili mzima ningemkumbatia hivyo hivyo.

"La tatu. Wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia."

"Una hakika? Mpini umechongwa upande mmoja. Tukikosea hapa, hata awe hodari vipi, mshale hautamkalia."

"Bi Mwaja, mwanangu anatumia mkono wa kulia. Nimemfundisha mwenyewe."

"Picha huna?"

Ninayo, aliipiga Projest. Naitazama kila siku. Kemirembe amekaza uso, upinde ameushika kwa mkono wa kulia, kamba ameivuta kwa wa kushoto hadi chini ya kidevu. Nikampa simu na kumweleza kabla hajasema neno: "Simu hizi hugeuza picha. Huo unaovuta ndio wa kulia."

Akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza machoni. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mama Kemi, hebu soma kifuani kwake."

Fulana yake ilikuwa na jina la hoteli. Herufi zote zimekaa sawa, zinasomeka bila taabu. Picha haikuwa imegeuka.

Nilikaa kwenye kreti ya soda. Alipokuwa na miaka mitatu alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, nami nikachana kipande cha kitenge nikaufunga mkono ule kiunoni, kila wakati wa kula, kwa karibu mwaka mzima. Watu huwa nawaambia mama mkwe alinilazimisha. Mwongo mimi. Nilimfunga mwenyewe, kwa fundo la fundi, na alipoacha kuhangaika nikajisifu kwa majirani.

Kisha ikaja siku ambayo watu wa ukoo wa Telesfori, kijana aliyetaka kumwoa, walileta barua ya posa. Kemirembe alikuwa na miaka kumi na tisa, haya zimemjaa, akawapelekea wageni kikapu cha buni za kutafuna, kama tunavyowakaribisha wageni kwetu. Akakinyoosha kwa mkono wa kushoto. Niliuchapa mkono ule mbele ya watu, buni zikatawanyika kwenye mkeka. Hakulia. Aliinama akaziokota moja moja, kwa mkono huo huo, huku ananitazama. Siku ya tatu akapanda basi.

Namba yake nilikuwa nayo muda wote. Kwetu mtoto ndiye humrudia mzazi, basi nilikaa nasubiri arudi, na kiburi changu kikanisaidia kusubiri. Nikaipiga pale pale dukani.

"Ni mimi," nilisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nakununulia upinde."

"Projest ana mdomo." Sauti yake ilikuwa imenenepa kidogo, sauti ya mtu mzima, na niliionea wivu miaka iliyoisikia. "Mama, pinde hazinunuliwi hivi hivi. Umewaambia wa mkono gani?"

Bi Mwaja alinitazama juu ya miwani, kalamu mkononi.

"Wa kushoto," nikasema.

Nilisikia mtu anaita mtu huko kwake, kisha pumzi yake, ile ya kukatikakatika aliyokuwa nayo utotoni akizuia kulia. Mimi sikuzuia. Nililia mbele ya mipira na jezi, na mteja aliyekuwa mlangoni akaona afadhali arudi baadaye.

"Kimebaki kipimo kimoja," nikasema nilipoweza. "Daftari langu linaishia kwenye kifundo. Nyoosha mikono, ujipime kidole hadi kidole, unitajie."

"Mama, nikinyoosha mikono yote miwili, futi nitaishika na nini?"

"Huna mwenzio hapo wa kukushikia?"

"Ninaye," akasema. "Lakini fundi ni wewe."

Futi ilikuwa shingoni kwangu, kama siku zote. Nikamwambia Bi Mwaja nafasi ile aiache wazi mpaka nirudi kutoka Arusha.