Nukta za Saa Mbili

Kazini wananiita Rula, na wanadhani sijui. Mimi ni karani wa kumbukumbu katika hospitali hii, mwaka wa kumi na sita sasa, na katika miaka yote hiyo sijapiga mstari hata mmoja kwa mkono mtupu. Mezani nina kalamu tatu: nyeusi, ya bluu na nyekundu. Anayetaka kuazima anaandikia palepale mbele yangu na kurudisha. Ndivyo nilivyo, na sioni pa kuomba radhi.

Chati ilikuwa wazo langu. Wagonjwa wa wodi ya wazee walikuwa wanaanguka, na kila aliyeanguka aliandikwa kwenye daftari la mchana la wodi: tarehe, kitanda, saa, na maelezo mafupi. Kwa miezi sita waliandikwa watu ishirini na watatu. Maandishi ya namna hiyo hakuna anayeyasoma, yanalala kabatini na vumbi lake. Nikachukua karatasi ya miraba, nikapiga mstari chini, na chini ya mstari nikapanga saa za mchana kwa namba za saa ya ukutani: 7, 8, 9, mpaka 6 ya jioni. Kila aliyeanguka nikamwekea nukta moja juu ya saa yake. Wakiwa wawili, nukta ya pili inakaa juu ya ile ya kwanza, kama vifuniko vya soda vilivyopangwa na mtoto.

Nilipomaliza, nukta zilikuwa zimesimama minara miwili. Juu ya 8 zilikuwepo sita. Juu ya 2 zilikuwepo kumi na moja. Sita zilizobaki zilitawanyika huku na huku. Niliitundika ukutani, nikarudi nyuma hatua mbili, nikaiangalia. Ilikuwa imenyooka.

Matroni, mkuu wa wauguzi wote, alisimama mbele yake bila kuvua miwani.

"Hii 2 ni saa nane mchana."

"Ndiyo, Matroni."

"Saa nane mchana nani yuko wodini?"

Nilijua. Wengine wakienda kula, kuanzia saa saba hadi saa tisa, wodi ya wazee hubaki na mhudumu mmoja. Mhudumu huyo ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Hospitali nzima inamwita Taratibu, kwa kuwa hajawahi kuonekana akikimbia, hata siku ile jiko liliposhika moto.

"Taratibu," nilisema.

Matroni alinipongeza kwa kazi safi. Kisha akaagiza Taratibu aandikiwe barua ya kufika mbele ya kamati siku ya Alhamisi, ajieleze kwa nini wagonjwa wanaanguka mikononi mwake. Barua za namna hiyo tunazijua. Waliozipata kabla yake unga wao ulimwagika wiki hiyohiyo. Niliipiga chapa mimi mwenyewe, nikairudia mara moja kwa sababu ya nafasi iliyokuwa imezidi kati ya maneno mawili.

Jioni mama akanipigia simu. Habari zina miguu.

"Nasikia umemchora wifi yako ukutani."

"Sijamchora mtu, mama. Nimechora nukta."

"Nukta yenye watoto watatu," alisema mama, akakata simu.

Kesho yake, Jumanne, wifi alikuja dirishani kwangu kuchukua barua. Aliisoma yote akiwa amesimama, midomo ikicheza kidogo, kisha akaikunja mara nne.

"Ndefu," alisema. "Kaka yako aliniandikia moja tu maisha yake yote, na haikufika nusu ya hii."

"Kazi ni kazi, wifi."

"Nimesema siyo?"

Nilikuwa na hamu ya kujua, nami si mtu wa kuzunguka mbuyu. Nikamuuliza saa nane mchana pale wodini kunakuwaje.

"Kunakuwaje? Wameshakula, wamelala. Ukiingia ni mikoromo tu. Anayetaka kuanguka saa nane lazima kwanza nimwamshe."

"Daftari linasema vingine."

"Basi daftari lina macho kuliko mimi."

Nikamsogezea kitabu cha kupokelea barua. Nikamwonyesha pa kutia saini, pa tarehe na pa saa. Akatia saini. Akainua macho kuangalia saa ya ukutani juu ya kichwa changu, akainama, akaandika.

Aliandika 4.

Niligeuka. Mshale mfupi ulikuwa kwenye 10.

"Umeandika nne."

"Si saa nne?"

Ilikuwa saa nne. Ndivyo ningesema hata mimi mtu angeniuliza barabarani. Macho yanaona kumi na mdomo unasema nne, tumefanya hivyo tangu utotoni na hakuna anayekwazika. Ila mimi, nikishika kalamu, naandika 10.

"Wodini pia unaandika hivyo?" niliuliza.

"Hivyo vipi?"

"Hivyo, kwa namba ya kusema."

"Wifi, saa nne naandika nne. Wewe unaandika ngapi?"

"Kumi."

Aliniangalia kama anavyowaangalia wazee wake wanapodai chai waliyokwisha kunywa.

"Saa kumi watu wanafunga virago waende nyumbani," alisema kwa upole, akaondoka, taratibu.

Nilifunga dirisha. Nikatoa daftari la wodi nikalisoma upya, safari hii siyo safu ya saa peke yake. Ile safu ndiyo niliyonakili, kwa kuwa ndiyo niliyoihitaji. Wale sita walioandikiwa 8 waliandikwa na wauguzi waliopita chuoni, ambako unafundishwa kuandika saa kama ilivyo ukutani. Wale kumi na mmoja wa 2 waliandikwa na wahudumu, kwa mwandiko mkubwa wa watu wanaoandika wanavyozungumza. Na kwenye maelezo: "Ameanguka akienda chooni, chai ya asubuhi bado." "Amejikwaa kwenye shuka, chai haijaletwa." Hakuna chai ya asubuhi inayochelewa mpaka saa nane mchana, hata hapa kwetu.

Ile 2 na ile 8 zilikuwa saa ileile. Saa mbili asubuhi.

Nikachukua karatasi nyingine, nikahamisha nukta kumi na moja. Juu ya 2 pakabaki patupu. Juu ya 8 ukasimama mnara mmoja wa nukta kumi na saba, ikabidi niunganishe kipande cha karatasi kwa juu. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Wifi alikuwa amepona, na kosa lilikuwa la namba, siyo la mtu.

Kisha nikajiuliza swali ambalo Matroni angeuliza. Saa mbili asubuhi nani yuko wodini?

Hakuna mtu, kwa sababu wote wanakuwa kwangu. Zamani daftari la mahudhurio lilizungushwa wodini na kila mtu akasaini kitandani kwa mgonjwa, nalo likarudi na madoa ya dawa na saini za kusainiana. Miezi sita iliyopita nililikomesha hilo. Nikaomba ruhusa, nikapewa, nikafungua dirisha. Saa mbili kamili wa usiku wanasaini kutoka na wa mchana wanasaini kuingia, foleni moja, wote kwa macho yangu. Saa mbili na robo napiga mstari mwekundu. Anayesaini chini ya mstari amechelewa, na jina lake nalizungushia wino. Matroni alinipongeza kwa hilo pia.

Wazee wanaamka saa mbili. Wanataka kwenda chooni, na hawawezi kungoja robo saa.

Nilikaa. Nilihisi aibu, tena aibu yenye joto, mpaka masikioni. Nikatoa daftari la mahudhurio, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa mtu wa aina yangu akibanwa anafungua daftari.

Wifi yangu alikuwa amezungushiwa wino mwekundu mara kumi na tisa. Kumi na tisa zote zilikuwa za miezi mitatu ya mwanzo, maana baada ya hapo nilimpelekea onyo la pili, akaanza kuwahi kama wengine. Nikapiga mstari mrefu katikati ya karatasi ya tatu, nikaupanga kwa tarehe. Juu ya mstari nikaweka nukta nyekundu kwa kila siku aliyochelewa dirishani. Chini yake nikaweka nukta nyeusi kwa kila mzee aliyeanguka saa mbili. Nyekundu zikajaa kushoto, nyeusi zikajaa kulia. Palipokuwa na nyekundu juu, chini palikuwa peupe. Nilikagua siku zote kumi na tisa, moja moja, kwa ncha ya rula. Hakuna hata moja ambayo mtu alianguka.

Karatasi ya tatu hakuna aliyeniagiza. Ya pili peke yake ingetosha kumwokoa wifi. Ningeweza kusema tu kwamba saa zilichanganywa, kamati ikacheka, tukanywa chai. Jumatano nzima ile karatasi ilikuwa kwenye droo na mimi nimekaa mbele yake. Niliitoa mara mbili nikairudisha.

Alhamisi nilitundika zote tatu.

Kamati ilikuwa ya watu watano, Matroni katikati. Wifi alikaa kiti cha pembeni, mkoba magotini. Nilieleza ya kwanza, nikaeleza kosa langu la kunakili, nikaeleza ya pili. Mmoja wa wanakamati akacheka kweli. Matroni hakucheka.

"Saa mbili asubuhi wanakuwa wapi watu wote hawa?"

"Dirishani kwangu."

"Dirisha hilo lililetwa na nani?"

"Ni mimi, Matroni."

Nikaeleza ya tatu. Ilibidi nimgeukie wifi, kwa sababu kamati nayo ilikuwa inataka kujua.

"Siku hizo ulizochelewa ulikuwa wapi?"

"Chooni, na wazee," alisema. "Nawapeleka wote kwanza. Ni wanane wanaotembea."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Uliniuliza nimefika saa ngapi, wifi. Nilipokuwa hukuuliza."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Barua yake ilifutwa palepale. Yangu ililetwa alasiri: nijieleze kwa maandishi ndani ya siku saba. Nilitia saini ya kupokea, na kwenye nafasi ya saa nikaandika kwa maneno, saa tisa mchana. Mleta barua alidhani nimechanganyikiwa.

Ijumaa saa mbili kasorobo nilichukua daftari la mahudhurio kwapani, nikapanda ngazi kwenda wodi ya wazee. Sikuwa nimeingia humo tangu mwaka uliopita. Wifi alikuwa katikati ya njia, bibi mmoja mfupi amemshikilia mkono kwa mikono yake miwili, wanakwenda hatua kwa hatua. Kwenye kitanda cha tisa babu mmoja alikuwa ameketi, paja lake limefungwa bandeji tangu kiunoni. Nilimtambua kwa namba ya kitanda. Alikuwa nukta ya tano kutoka chini.

"Weka hapo, wifi," alisema Taratibu. "Nikimaliza nitasaini."

Nilifungua ukurasa, nikasimama. Alimrudisha bibi, akachukua mwingine, kisha mwingine. Ilipofika saa mbili na robo mkono wangu ulikwenda mfukoni kwenye kalamu nyekundu, kwa mazoea tu. Kwenye kitanda cha nne mzee alikuwa ameshateremsha miguu chini, anatafuta kandambili.

"Wifi," Taratibu aliita bila kugeuka, "mshike huyo."

Niliweka daftari kitandani nikamshika.