Betri Iliyoanikwa Pamoja na Korosho

Mume wangu Hemedi ana kichwa kigumu, wala msinibishie, nimeishi naye miaka kumi na saba. Betri ya taa yetu ya sola ilipovimba, Shamimu, fundi wa Chikongola, alitwambia kwa simu, wote wawili tunasikia: "Msiichaji tena. Msiianike, msiibane. Iwekeni kwenye mchanga mkavu, mbali na nyumba, halafu mniletee." Tukaitikia, sawa fundi.

Hemedi akaianika. Huku Mpapura betri za tochi zikichoka zinawekwa juani, zinapata nguvu ya siku mbili tatu. Akaiweka kwenye jamvi, katikati ya korosho zetu, maana ndiko kwenye jua.

"Hemedi, fundi amesemaje?"

"Nawe Mwaisha! Jua limemuua nani?"

Sikio la kufa halisikii dawa.

Korosho zile zilikuwa macho ya Safina. Binti yetu ana miaka tisa na mtoto wa jicho, kulia haoni kabisa, kushoto anaona ukungu. Daktari alitaka apasuliwe kabla ya mwaka kwisha. Hatukuwa na kingine cha kuuza.

Alasiri mawingu yakafunga. Korosho ikilowa, nani ataitaka? Hemedi alikuwa kisimani. Mimi na Safina tukazoa mbio mbio, tukajaza magunia, nikayarundika chumbani moja juu ya jingine. Mvua yenyewe ikadondosha matone, ikapita zake.

Ndipo chumbani kukasikika sssss. Moshi, kisha moto. Jamani, mafuta ya ganda la korosho yakishika moto hayana mzimaji! Nilimvuta Safina nje, makuti yakawaka nyuma yetu. Hemedi alirudi na ndoo mbili, akazishika tu.

Majirani walimsema. Mimi nilimtukana mbele ya mama yake mzazi. Akainamisha kichwa. "Ni mimi. Niliianika mimi."

Ni kweli aliianika. Lakini wakati wa kuzoa niliiona. Niliishika, ilikuwa ya moto, nikasema nitaitoa baadaye, nikaitupa gunini pamoja na korosho. Safina ndiye aliyenishikia mdomo wa gunia.

"Mama, hiyo si betri?"

"Shika gunia, wewe!"

Mwaka umebakiza wiki tatu. Hemedi hali, hasemi, na mimi sijafungua mdomo, naona aibu hadi ya kuswali. Safina naye amenyamaza. Hakuna anayemuuliza. Wanasema, huyu mtoto haoni.