Mgeni Asiyekula Mbele za Watu

Mwaka ule ziwa lilipanda likameza mashamba ya chini pale Kendu Bay, na watu walipohamia juu na vyungu vyao, panya nao walihama. Kwa Zilpah waliingia moja kwa moja ghalani, wakatoboa magunia ya njugu kwa chini, mahali ambapo mtu haoni mpaka anyanyue gunia akute maganda matupu. Paka wake wawili walikula panya waliokuwa wamelamba sumu ya jirani, wakafa katika wiki moja. Sasa ilikuwa Januari, mvua za kupanda bado ziko mbali, na njugu za mbegu zilibaki gunia moja na nusu. Hizo zikiisha, hakuna nyingine.

Ndiyo maana Nyamhanga, Mkuria wa Ntimaru aliyekuwa akileta tumbaku sokoni, alipomwambia kwamba dawa ya panya anayo ila ina mkia, Zilpah hakucheka kama wanawake wenzake. Nyamhanga alikuwa amefanya kazi miaka minne kwa Mzungu mmoja mfuga nyoka, na nyoka aliwajua kama mtu anavyowajua mbuzi wake.

Alhamisi iliyofuata akamletea, ndani ya mfuko wa unga uliofungwa kwa kamba. Alikuwa nyoka wa kahawia, mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, na mstari mwembamba wa rangi ya maziwa umepita juu ya kila jicho, kana kwamba kuna mtu aliyempamba.

"Huyu hana sumu, mama," alisema Nyamhanga. "Mweke ghalani, ndani ya sanduku, mpaka azoee harufu ya pale. Mpe maji, mpe giza, umwache. Siku saba usimpe chakula. Halafu panya mmoja, mdogo. Akila, ujue amekubali kukaa. Baadaye utamfungulia, na hataenda mbali."

"Siku saba?"

"Saba."

Zilpah hakubishana naye. Alimpa chai na viazi vitamu, akamsindikiza mpaka barabarani. Lakini akirudi alijisemea kwamba labda huko kwao ndivyo wanavyokaribisha wageni. Mgeni afike kwake yeye, Zilpah, alale njaa siku saba, watu waseme nini?

Sanduku alikuwa ameliomba dukani, la majani chai, lile la mbao nyembamba zenye ukingo wa bati. Upande mmoja alipigilia wavu wa banda la kuku, wenye matundu madogo kabisa. Ndani alitandika kipande cha gunia alichokifua na kukianika, na kila asubuhi alifungua kwa uangalifu, akafagia kwa ufagio mfupi wa nyasi mpaka pakawa peupe kama chumba cha mchungaji. Alimwekea maziwa katika kisosi. Hakunywa. Alimwekea dagaa wa omena, akamwekea yai, tena yai la kuku mweupe. Hakugusa. Dirisha la ghala alilifungua wazi, mgeni asikae gizani kama mfungwa, na kwa kuwa habari zilikuwa zimekwisha kuenea, watu wakaja kumsalimia. Walichuchumaa mbele ya wavu watatu watatu, wakagonga sanduku kwa vidole waone kama atanyanyua kichwa.

Nyoka mwenyewe alizunguka. Mchana kutwa alizunguka akisukuma pua kwenye wavu, kona hii, kona ile, mpaka Jumapili pua ikachubuka.

Jumapili hiyo ndipo alipokuja Zadock. Alikuwa ndugu wa marehemu mume wa Zilpah, mzee wa kanisa la Sabato, na tangu msiba yeye ndiye aliyemlimia shemeji yake kila msimu. Aliinama, akamtazama nyoka kwa muda mrefu.

"Nyar Lambwe," alisema, maana ukweni walimwita hivyo, binti wa Lambwe, "kwenu mmezoea kulala na wanyama wa porini. Sisi huku tunalala na watu."

"Na panya, shemeji. Huku mnalala na watu na panya."

Zadock alicheka kidogo, kisha akaacha. "Amekula?"

"Bado anazoea."

"Tazama pua yake. Huyu atakufa, au atatoka akiwa na hasira, na watoto wanapita hapa. Nakupa mpaka Ijumaa. Kama hajala, namwondoa kwa jembe. Na nitakuja kabla jua halijatua, kwa sababu Sabato sishiki jembe."

Zilpah alijua hasemi mzaha. Alijua pia kwamba ana haki. Hata hivyo jioni ile alikaa sana mbele ya lile sanduku. Alikuwa amempenda yule nyoka, hakuweza kusema kwa nini. Labda ni ile mistari juu ya macho. "Kula basi, mwanangu," alimwambia. "Kula hata kidogo." Nyoka akazidi kusukuma wavu.

Jumatatu akaja Teresa, jirani yake, ameandamana na Helen, mke wa mwanawe, aliyekuwa hajamaliza hata wiki mbili tangu aletwe. Kwanza walimwona nyoka, kisha Zilpah akawakaribisha ndani. Akamimina chai ya maziwa, akaweka sahani ya mihogo ya kuchemsha mbele ya Helen.

"Kula, mama," alisema Zilpah.

"Kula," alisema Teresa. "Nyumbani pia hali. Sijui huko kwao alikuwa akila nini."

Helen alitabasamu akiangalia magoti yake. Wanawake wawili walimtazama yeye, wakaitazama sahani, wakamtazama yeye tena. Msichana aliisogeza mikono mpaka chini ya leso. Macho yake yalienda mlangoni, yakaenda dirishani, yakarudi kwenye kona, na Zilpah akahisi macho hayo ameyaona mahali, tena si zamani.

Alinyanyuka. "Teresa, njoo nikuonyeshe mihogo yangu ilivyoliwa na fuko."

"Sasa hivi? Chai yangu je?"

"Chai haina miguu. Njoo."

Walikaa shambani muda wa kutosha Teresa kueleza dawa tatu za fuko. Waliporudi, kikombe kilikuwa kitupu, na kwenye sahani ulibaki muhogo mmoja, wa adabu. Teresa alifungua mdomo aseme neno. Zilpah alimkanyaga mguu.

Wageni walipoondoka hakuosha hata vikombe. Alichukua chungu chake cha zamani kilichovunjika mdomo, akakiosha, akakifunika kifudifudi ndani ya sanduku, lile pengo la mdomo likawa mlango. Alijaza nyasi kavu chini yake na pembeni. Maziwa, omena na yai akavitoa, akaacha kisosi cha maji tu. Wavu akauning'inizia gunia, dirisha akalifunga. Nyoka alizunguka chungu mara moja, akaingiza kichwa katika pengo, akaingia mwili wote, mkia ukimalizikia taratibu kama uzi unaovutwa sindanoni.

Watu waliokuja Jumanne aliwarudisha mlangoni. "Hapokei wageni," aliwaambia. Jumatano naye mwenyewe alisimama nje ya ghala, mkono kwenye komeo, akaondoka bila kufungua. Hicho ndicho kilichomshinda kuliko kazi yote, kutofagia.

Alhamisi siku saba zilitimia. Jua likielekea ziwani aliweka panya mdogo wa mtegoni karibu na pengo la chungu, akatoka.

Ijumaa asubuhi panya hakuwepo. Lakini Zadock alipofika saa kumi alasiri, jembe begani, hakuridhika.

"Hata siafu hubeba panya."

"Siafu wa wapi, shemeji? Uliona siafu hapa?"

"Nataka kumwona yeye. Kinyanyue hicho chungu."

"Hapana," alisema Zilpah. Alisema polepole, lakini alisimama kati ya jembe na sanduku. "Kaa juu ya gunia. Kama ana la kukuonyesha, atakuonyesha mwenyewe. Jua bado liko juu."

Zadock alikaa, jembe limelala kwenye magoti. Zilpah aliinua pembe ya lile gunia la kwenye wavu kidogo tu, upana wa viganja viwili. Walingoja hata wakasikia mbao za ghala zikilia kwa joto. Kisha katika pengo la chungu kikatokea kichwa chenye mistari miwili. Pua ilikuwa imeanza kufunga kidonda. Alijisogeza mpaka kisosi cha maji, bila haraka, bila kugusa wavu, na mwili ulipofuata, katikati ulikuwa na uvimbe mnene kama yai. Akanywa.

Zilpah alimtupia jicho shemeji yake. Alitegemea mzaha. Zadock alikuwa ameliteremsha jembe sakafuni kwa mikono miwili, taratibu, lisigonge.

"Tutoke," alinong'ona. "Tunamsumbua."