Mshale wa Kwenda kwa Milembe

Moshi wa mabua ya pamba hauna huruma na macho ya mtu. Milembe alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga akipuliza, machozi yakimshuka hadi kidevuni. Kila alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoiva. Kuni za maana alikuwa nazo zamani, enzi za mume na ng'ombe. Sasa alikuwa na kuku, michembe ya viazi vikavu na moshi.

"Kula, Mayige. Hii michembe ni ya mwisho. Ukiiacha, panya watanishukuru wao."

"Nimeshiba, sengi."

"Umeshiba nini? Mke wako kapita hapa asubuhi kuomba chumvi. Aliyeshiba haombi chumvi."

Mayige alikula. Michembe ilikuwa mitamu na kila kipande kilimkwama, kwa sababu nje, nyuma ya ghala la mtama, alikuwa ameegesha ubao wenye jina la huyo sengi, shangazi yake.

Zamani alikuwa mpima pamba wa chama cha msingi. Biashara ilipoachwa huria, wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na wapimaji wao, chama kikafa bila hata kuzikwa. Jengo lake bado limesimama, popo wamepanga bure. Humo ndimo alimomkuta Bwana Joakim, afisa mipango wa Halmashauri, aliyekuja na pikipiki na helmeti kubwa kama chungu cha pombe.

"Wazungu wanapita barabara ya Lamadi kwenda mbugani," Joakim alisema. "Wanatupita kama tumekufa. Sasa tumepanga. Tutakuwa na mabango, nyumba ya kupokelea wageni, na mtu wa kuwapa habari. Huyo mtu atalipwa. Ila lazima kwanza kiwepo cha kutazamwa. Hapa kwenu kuna nini?"

"Kuna pamba."

"Pamba hata mimi sitaki kuitazama."

"Kuna hili jengo."

Joakim alicheka, akaanza kuvaa helmeti. Mayige aliona kamba inapita chini ya kidevu, akajua ikishafungwa, na kazi imeondoka.

"Kuna vibanda vya mizimu!" alisema. "Kwa shangazi yangu."

Helmeti ikavuliwa.

Vilikuwa vibanda vya udongo na nyasi, vinafika magotini, vimejengwa uani kwa ajili ya waliotangulia. Zamani kila mji ulikuwa navyo, kisha watu wakabatizwa na kuvibomoa. Milembe aliviacha, akawa anaviwekea unga kidogo na maji. Alipoulizwa, alisema, "Nikivivunja watalala wapi? Kwenye jengo la chama?"

"Andika UGANGA NA MIZIMU," Joakim aliagiza. "Halafu jina la bibi. Halafu mshale."

"Yeye si mganga, bwana."

"Mzungu atashuka kwenye gari kwa ajili ya nyasi? Ni uganga wa kitalii tu. Andika."

Mayige alikuwa na mwandiko mzuri. Alikuwa ameandika magunia ya pamba miaka mingi. Alipomaliza michembe alimuaga shangazi yake, akaubeba ubao hadi njia panda na kuusimamisha bila kumwambia neno.

Wazungu hawakuja. Alikuja mtu wa Mkula aliyetaka dawa ya kumzidishia maziwa ng'ombe. Akaja mwanamke aliyetaka mke mwenza wake aumwe, ila si sana. Milembe aliwafukuza huku akicheka. "Dawa yangu ni michembe tu. Inafunga tumbo." Wakaondoka hawajaridhika. Mganga anayekataa wateja, watu walisema, anaficha nini?

Kisha ndama wa jirani yake Mashimba wakafa. Baadaye mtoto wa Mashimba akapata homa, akafikishwa dispensari ambayo siku hizi ilitaka pesa kwanza, akarudishwa mgongoni mwa mama yake akiwa baridi. Msibani watu walikumbuka macho mekundu ya Milembe; macho hayo, walisema, ni ya mchawi.

"Zamani tulikuwa tunakisia," Mashimba alisema, akimtazama Mayige. "Sasa hata Serikali imetuwekea mshale."

Mayige aliendesha baiskeli hadi Bariadi.

"Naomba niling'oe lile bango, bwana."

"Uling'oe?" Joakim hakuinua kichwa. "Limo kwenye mpango. Wafadhili wanakuja kukagua. Ukiling'oa umeharibu mali ya umma, na kazi yako usahau."

"Watamuua."

"Nani? Umewaona? Nenda polisi. Mimi ni mipango."

Aliporudi alisimama njia panda. Jembe lilikuwa kwenye keria. Jua lilikuwa bado juu na barabara tupu. Alishika nguzo, akaitikisa, ikatikisika. Hakuwa ameichimbia kwenda chini sana. Akafikiria chumvi. Akafikiria mkewe Specioza anavyozunguka miji ya watu na kikombe mkononi. Akapanda baiskeli yake.

Wiki hiyohiyo mawe yalipigwa kwenye paa la Milembe. Vibanda vilikanyagwa vikawa tope na nyasi. Kuku walikutwa wamepangwa mlangoni, vichwa huku, viwiliwili kule.

Mayige alimkuta akipakia mkokoteni wa punda, anahamia Nkoma kwa watoto wa dada yake.

"Mwangaluka, sengi."

"Mwangaluka. Nishikie chungu hiki. Polepole, kina umri mkubwa kuliko wewe."

"Sengi, mimi ndiye..."

"Funga kamba vizuri, njia ina makorongo."

Alifunga. Fundo likafunguka, akafunga tena. Milembe alipanda juu ya magunia, akajiweka sawa kama bibi harusi.

"Una mwandiko mzuri, mwanangu. Mimi sijui kusoma, lakini wote waliokuja, hakuna aliyepotea njia."

Alicheka. Mayige alingoja amalize kucheka ili amtukane, maana tusi lingemfaa. Hakumtukana. Alipapasa kwenye khanga, akatoa kopo dogo.

"Chumvi ya Specioza. Juzi nilimpa kidogo."

Siku mbili hazikupita, pikipiki ikasikika njia panda.

"Wakaguzi wanakuja kesho," Joakim alisema, "na mshale unaelekea nyumba tupu! Vibanda si hoja, tutajenga vingine. Geuza mshale. Kila kijiji kina bibi."

Mayige alilegeza waya, akaushika ubao kwa mikono miwili. Jina la Milembe lilikuwa limekwishapakwa rangi nyeupe, nafasi inangoja.

Aliugeuza kushoto. Domitila, mjane wa pale, alikuwa anaanika mtama. Akaona. Akaokota ungo wake, akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Aliugeuza kulia. Mwanamke aliyekuwa akitwanga aliacha mchi umelala, akamshika mkono mama yake mzee, wakaingia. Komeo likasikika hadi barabarani.

Akaugeuza tena, haraka, popote tu.

Kwenye ncha ya mshale kulikuwa na nyumba yake. Specioza alikuwa ametoka jikoni kupunga hewa, mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi wa mabua ya pamba. Alitazama ule mshale. Hakufunga mlango. Nyumba ile haikuwa na mlango, ilikuwa na pazia la gunia la pamba, na maandishi juu yake yalikuwa ya Mayige.

"Hapo hapo!" Joakim alisema, akivaa helmeti. "Usiusogeze. Kaza waya."