Agathe Anayekufa Barabarani

Haya aliniambia Agathe mwenyewe, jirani yangu wa ghorofa ya tano hapa Albert Park, Alhamisi iliyopita, tumekaa kwenye ngazi kwa sababu lifti iko mbovu tena. Ninayaandika vile aliyasema. Kuna mahali sikuelewa, na yeye pia hakuelewa.

Agathe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ilimwandikia kupasuliwa jicho la kuume siku ya Jumatatu. Siku hiyo aliingoja miezi kumi na moja. Anakaa na mjukuu wake Cathy, binti wa miaka ishirini na mitatu, anayeuza simu dukani na anasomea kutengeneza programu za kompyuta. Wiki ya mwisho kabla ya hospitali, Cathy alichukua likizo.

Siku ya kwanza alisoma tu. Kitabu kinene mapajani, chai inapoa. Jumanne akaanza kuandika kwenye kompyuta. Jumatano akacheza kwenye kompyuta hiyo hiyo. Agathe yuko jikoni anakoroga uji, akasikia sebuleni:

"Aah! Agathe amekufa."

Mwiko ukasimama. Labda iko Agathe mwingine, akajiambia, Mungu amrehemu. Baada ya kidogo:

"Amekufa tena! Eish, huyu Agathe!"

Amekufa tena? Mtu anakufa mara ngapi? Agathe akajigusa shavu. Uji ukaungua.

Alhamisi na Ijumaa, mambo ni yale yale. Hakuuliza. Angeuliza nini? Mjukuu wangu, mimi nimekufa? Alisali rozari, akapotea kwenye kumi la tatu, akaanza upya.

Jumamosi Cathy akampeleka Bluff kuangalia meli zikiingia bandarini, pamoja na rafiki yake Glody, msichana wa saluni. Wamekaa kwenye majani wanakula samaki na chipsi, Glody akauliza:

"Na Agathe je?"

"Jana amekufa mara kumi na nne," Cathy akasema, anatafuna. "Leo nimemwacha apumzike."

Na bibi amekaa pale pale katikati yao! Akarudisha samaki kwenye karatasi.

Jumapili baada ya misa Cathy akamtolea gauni la kwendea hospitali.

"Rudisha kabatini. Siendi."

"Koko, bibi yangu! Miezi kumi na moja!"

"Siendi. Wiki nzima unanihesabia vifo, halafu unipeleke kwa watu wenye visu?"

Cathy akaweka gauni kitandani. Kisha akaanza kucheka, akaona bibi yake analia, akaacha. Akaleta kompyuta. Ni mchezo anaoutengeneza, akaeleza: mama aitwaye Agathe anavuka barabara ya Umbilo na beseni la mikate kichwani.

"Beseni lako lile la kuuzia mikate ndilo lililonisomesha. Nilitaka jina lako likae mahali. Ni heshima, Koko."

Agathe akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akaona kitu chekundu kinakimbia, taxi ikapita, kikaanguka.

"Huyo ndiye mimi?"

"Ni wewe."

"Mbona nakimbia kama mwizi? Miaka kumi na miwili nimevuka barabara ile, sikuangusha mkate hata mmoja. Nilikuwa nangoja robot iwake kijani. Robot iko wapi?"

Cathy akakuna kichwa. "Sikuweka."

"Hukuweka taa ya barabarani, unashangaa mtu anakufa! Halafu jina langu litoe. Mtu hai hapewi kazi ya kufa. Mpe la mama yangu, Godelive. Yeye alishakufa, tena vizuri, kitandani kwake. Taxi hazimwezi."

Cathy akaandika mchana wote. Saa kumi na moja robot ikawaka nyekundu, Godelive akasimama. Ikawaka kijani, akavuka na mikate yake yote.

"Kweli amefika?"

"Amefika, Koko."

"Na mimi simo tena?"

"Humo."

"Leta gauni lile."

Hajaelewa bado, na mimi sijaelewa, vile mtu anaweza kufa Ijumaa mara kumi na nne na Jumamosi akapumzika. Lakini Jumapili ile walikula mapema, maana safari ya hospitali ilikuwa ya alfajiri. Cathy akasinzia kwenye kiti, kitabu kifuani. Agathe akamfunika kitenge, akaweka viatu vyake mlangoni, akajilaza. Alikuwa bado anajiuliza Godelive anapeleka wapi mikate hiyo yote, usingizi ukamchukua.