Kisima Kilichokula Kuni

Mwaka ule wa tisini na saba, hapa kwetu nje kidogo ya Kasulu, kuni na maji vilituacha kwa pamoja. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa imejaa watu, na watu lazima wapike. Miti ikaisha upande wao, ikaisha na upande wetu, na tusijifanye malaika, mapanga yetu nayo yalikuwemo. Mlima ulipobaki kipara, chemchemi ya bondeni ikaanza kutoa maji kwa uchoyo. Unakinga ndoo, unasengenya ukoo mzima, bado haijajaa.

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nyingine ilikuwa imeharibika mwaka wa nyuma, nilipoteleza kwenye kiteremko na ndoo kichwani. Binti yetu Kotrida alikuwa Manyovu kwa shangazi yake, anasoma, kwa hiyo mchota maji nilikuwa mimi. Usiniulize kwa nini si mume wangu Sylvesta. Kwetu mwanamume akibeba ndoo kichwani, wenzake husema ameolewa. Sylvesta alinipenda, hilo najua, ila alikuwa radhi achimbe mpaka kuzimu kuliko kuonekana na ndoo. Ndiyo maana akaamua kuchimba kisima uani.

Akamleta Fidele, mkimbizi wa Mtabila, fundi wa visima tangu kwao Burundi. Walichimba vizuri, wakapita kimo cha watu watatu, wakagonga mwamba. Fidele akasema dawa ya mwamba ni moto: unawasha kuni juu yake mpaka upate joto sawasawa, unaumwagia maji, unapasuka. Kuni! Nikadhani ananitania. Rundo langu lote, nililolihangaikia na tumbo hili, likashushwa shimoni likawashwa. Nilikaa mlangoni nikilia, na si kwa moshi, kwa hasira.

Walipokwisha kumwaga maji, Fidele alitaka kwenda kambini kuchukua posho yake ya chakula. Akatuita wote wawili.

"Patron, na wewe mama, asiingie mtu mpaka nirudi. Shimo limejaa hewa ya makaa. Haionekani, hainuki, lakini inaua. Oya, msijaribu kabisa."

Kesho yake hakurudi. Kesho kutwa hakurudi. Tukasikia barabarani kuna ukaguzi, wakimbizi hawaruhusiwi kutoka.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Sylvesta ameinama mdomoni mwa kisima, anashusha koroboi kwa kamba. Ule mwali mdogo ukafika chini, ukasimama wima, wala haukutikisika.

"Umeona, Mama Kotrida? Taa inapumua. Na mimi nitapumua."

"Taa ina mapafu? Umesahau wale vijana wa Kibondo waliolala na jiko la mkaa, dirisha wamefunga? Walikutwa wamekufa na koroboi yao inawaka!"

"Wale walikuwa walevi."

"Kwa hiyo hewa ya makaa inanusa pombe kwanza ndipo iue?"

Akacheka, akaanza kuvua shati. "Wewe bondeni huendi tena na tumbo hilo. Nimeapa. Mwamba umepasuka, nauona. Nikitoa yale mawe, jioni tunakunywa maji yetu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alipoingia ndani kutafuta nyundo, mtoto akanipiga teke kama anayenihimiza. Ngazi ya milingoti ilikuwa imelala kando ya shimo. Nikachukua shoka. Nilikata vidato, nikakata na miti yenyewe, vipande nikavisukumia mekoni chini ya chungu cha maharage.

Sylvesta akatoka na nyundo yake. "Wewe mwanamke, umerogwa?"

"Nimerogwa! Angalau leo maharage yataiva."

Hakunigusa. Akatoka kwa hatua ndefu kwenda kwa jirani yetu Pasikali, mwenye kamba ya katani. Hapo ndipo hofu iliponishika hasa. Nilikuwa nimeshapiga kelele, nimeshakata ngazi, sasa nimebakiwa na nini? Nikawasikia wanarudi wakizungumza mambo ya mawe, kama wanaokwenda shamba. Mtetea wangu mweusi alikuwa anaparua jivu. Nikamdaka, nikamtia kwenye tenga, nikafunga tenga kwa kamba ya koroboi.

"Kabla hujashuka wewe, ashuke huyu," nikamwambia Sylvesta. "Akirudi mzima, nitaishika hiyo kamba nikushushe mwenyewe. Sitasema neno tena."

Pasikali akaangua kicheko. "Shemeji, kuku naye anakwenda kuteka maji?"

Nikamshusha. Tulimsikia akilalamika kule chini, kisha akapigapiga mabawa, kisha kimya. Pasikali aliacha kucheka. Nikamsukumia Sylvesta ile kamba.

"Amelala," alisema Sylvesta. "Kuku akiona giza hulala."

"Basi mvute umwamshe."

Akavuta. Shingo ilikuwa imetokeza nje ya tenga, inaning'inia. Sylvesta akamtoa, akamtikisa, akampulizia mdomoni. "Amka," akamwambia kuku. "Amka wewe!" Pasikali aliiweka kamba yake chini taratibu, akarudi nyuma kutoka kwenye shimo.

Mimi nilimvamia mume wangu kwa ngumi za kifua. "Ungekuwa wewe! Ungekuwa wewe, Sylvesta, ningemwambia nini Kotrida?" Alisimama akazipokea zote. Kuku bado alikuwa mkononi mwake.

Kisha akakifunika kisima kwa bati, akaweka mawe juu. Akaviringisha shati lake likawa ngata, akachukua ndoo.

"Unakwenda wapi?"

Alipita mbele ya Pasikali, mchana kweupe, akashika njia ya bondeni. Haikupita muda nikasikia wanawake kule chini. "Yoo! Sylvesta ameolewa! Mahari ilikuwa ng'ombe wangapi?" Vigelegele vikapanda mpaka uani kwangu. Nilitaka niwafuate nikawatukane mmoja mmoja, lakini kile kiteremko nilikiogopa. Nikasimama kuitazama njia, nikihofia atawapiga, nikihofia atateleza, nikihofia hatarudi nyumbani kwa aibu.

Akatokea. Shingo ameikaza, maji yanamchuruzika masikioni, ndoo imebaki nusu. Akamimina mtungini. Nilingoja matusi.

"Kesho uniamshe mapema," akasema. "Foleni yenu ni ndefu."